ALIYOYAONA BWANA KUTOKA MSALABANI

Masomo: Luka 23:33-49 na Yohana 19:23-27



Neno letu la mwezi huu linahusu kuchora. Msishangae. Tunajua kwamba wengi wenu mmezoea kukuta hapa neno juu ya maombi, juu ya kufunga, juu ya ndoa au juu ya zaka. Lakini mtu anayechora neno la Mungu kwa rangi naye anahubiri, na anayehubiri atatoa hesabu. Tena kuna jambo moja ambalo mchoraji analijua kuliko sisi wasemaji: hawezi kuanza kazi kabla hajachagua mahali pa kusimama. Atatazama kutoka wapi? Kutoka mbele, kutoka nyuma, kutoka mbali kilimani? Sisi tunaosoma Biblia tunasahau kujiuliza swali hilo. Tunasoma habari ya msalaba kana kwamba tumeketi kwenye kiti kizuri, tukiwatazama watu wabaya wa zamani. Hilo ndilo tunalotaka kusema nanyi leo.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Kabla ya Pasaka, walimu wa masomo ya watoto waliwasomea watoto habari ya kusulubiwa kwa Bwana, kisha wakawagawia karatasi na rangi za maji, zile ambazo Wafaransa wanaziita akwareli. Kila mtoto akachora kile alichosikia. Karatasi zilipokauka, zikabandikwa kwenye ukuta wa chumba cha masomo. Tangu siku hiyo maswali mawili yameletwa mbele yetu sisi mashemasi. La kwanza lilitoka kwa wazee. La pili tutalitaja mbele, kwa sababu ni zito kuliko la kwanza.

1. JE, TUMERUDISHA SANAMU?

Wazee walituuliza: Je, sanamu zimerudi katika nyumba ya Mungu? Wana haki ya kuuliza. Makanisa ya manabii katika nchi hii hayakuanza kwa mchezo. Mwaka 1921, Simon Kimbangu alipohubiri kule Nkamba, Kongo ya Chini, watu wengi waliosikia walitoa minkisi yao majumbani wakaitupa. Wakoloni walimhukumu, wakamleta huku kwetu Katanga, katika gereza la Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Alibaki mfungwa mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Watu waliotoka katika historia ya namna hiyo wakiona kitu kimebandikwa kwenye ukuta wa kanisa, ni vema wasinyamaze.

Lakini tusome Maandiko yote, tusichague nusu. Katika Kutoka 20:4-5 Mungu anakataza kujifanyia sanamu na kuisujudia. Katika Kutoka 25:18 Mungu yule yule anamwamuru Musa afanye makerubi wawili wa dhahabu juu ya sanduku la agano. Na katika Kutoka 31:1-6 anamwita Bezaleli kwa jina, anamjaza Roho yake, ili ajue kufanya kazi ya dhahabu, ya mawe na ya miti. Roho aliyewajaza manabii ndiye aliyemjaza fundi huyu wa mikono.

Soma tena habari ya nyoka wa shaba. Katika Hesabu 21:8-9 Mungu anaagiza nyoka huyo afanywe, na waliomtazama walipona. Miaka mingi ikapita. Katika 2 Wafalme 18:4 mfalme Hezekia anamvunja nyoka yule yule vipande vipande, kwa sababu Waisraeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Shaba ilikuwa ile ile. Mioyo ya watu ndiyo iliyogeuka. Basi hapo tunapata sheria yetu: picha inayofundisha ni sawasawa na ubao wa mwalimu, na picha inayoombwa ni sanamu.

Kwa hiyo karatasi za watoto zitabaki katika chumba cha masomo. Hazitawekwa nyuma ya madhabahu. Hakuna mtu atakayezipakaa mafuta, wala kuziwashia mshumaa, wala kuzipeleka kwa mgonjwa ili aziguse. Siku tukiona mtu anapiga magoti mbele yake, tutafanya kama Hezekia, na hatutaomba radhi.

Wengine walisema: kazi hii ya rangi ya maji ni mambo ya wazungu. Hapo tunapaswa kuwakumbusha habari za Bukama, kwenye mto Lualaba. Mwaka 1926 mtumishi mmoja wa serikali ya Wabelgiji, Georges Thiry, aliona pale nyumba zilizochorwa kutani. Mchoraji aliitwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za tembo. Thiry akampa karatasi na rangi za maji. Lubaki akachora, na mke wake Antoinette Lubaki akachora pia, na mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels. Karatasi ilitoka mbali, ndiyo. Lakini jicho na mkono vilikuwa vya hapa, na vilikuwa vikichora kutani kabla karatasi haijafika.

2. MCHORAJI ALIYEBADILI MAHALI PA KUSIMAMA

Sasa tuwaambie habari za mchoraji mmoja ambaye picha yake imetufundisha kusoma Luka 23 upya.

Jina lake ni James Tissot. Alizaliwa Nantes, katika Ufaransa, mwaka 1836. Sehemu kubwa ya maisha yake hakuchora mambo ya Mungu. Alichora wanawake wa matajiri wa Paris na London, nguo zao za hariri, kofia zao, karamu zao. Alipata fedha na jina. Mwaka 1882 mwanamke aliyempenda, Kathleen Newton, alikufa kwa kifua kikuu akiwa bado kijana, naye Tissot akaondoka London akarudi Paris. Mwaka 1885, akiwa katika kanisa la Saint-Sulpice, alipata maono: watu maskini wawili wameketi katika magofu ya nyumba, na Bwana mwenyewe amekuja kuketi karibu nao, mwili wake una majeraha. Akachora maono hayo. Tangu hapo akaacha karamu.

Sisi watu wa kanisa la maono tunajua kwamba mtu akisema ameona, kanisa linangoja matunda. Matunda ya Tissot yalikuwa kazi. Mwaka 1886 alikwenda Palestina, akarudi kule tena mwaka 1889, akachora mawe, milango, mavazi, nyuso za watu na vilima. Kisha akaketi akachora maisha ya Bwana Yesu katika picha 350 za rangi ya maji. Mwaka 1894 alionyesha 270 kati ya hizo huko Paris, na habari za wakati ule zinasema kwamba kulikuwa na watu waliolia mbele yake. Mwaka 1900 watu wa Brooklyn, Marekani, walichanga fedha, dola 60,000, na zile picha zikanunuliwa kwa ajili ya jumba lao la makumbusho. Tissot akaanza kuchora Agano la Kale, lakini kifo kilimkuta mwaka 1902 kabla hajamaliza.

Kati ya picha hizo 350, iko moja inayoitwa Aliyoyaona Bwana Wetu kutoka Msalabani. Tumechukua jina lake tukaliweka juu ya neno hili. Ni ndogo. Urefu wake hauzidi sentimita 25, na upana wake ni sentimita 23. Ukiiweka kwenye ukurasa wa Biblia kubwa ya mezani, itakaa vizuri.

Wachoraji wengi kabla yake walisimama chini, wakatazama juu. Walichora mwili wa Bwana, taji ya miiba, damu, wingu jeusi. Tissot aliacha nafasi hiyo. Alipanda. Alijiuliza: Bwana alipofumbua macho yake, aliona nini? Kwa hiyo katika picha hii uso wa Bwana hauonekani. Mikono haionekani. Chini kabisa, katikati ya ukingo wa karatasi, unaona miguu yake tu, kama vile wewe unavyoona miguu yako mwenyewe ukiinamisha kichwa. Karatasi yote iliyobaki ni watu.

Tuseme kidogo juu ya kazi yenyewe, kwa ajili ya vijana. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliosagwa laini, ukachanganywa na utomvu wa mti wa mgunga ili ushike kwenye karatasi. Maji ndiyo yanayoibeba. Ukiitia maji mengi, inakuwa nyepesi, na weupe wa karatasi unapenya kama mwanga wa asubuhi. Hapo mchoraji anaacha weupe pale anapotaka mwanga, kwa sababu akiisha kuufunika ni shida kuurudisha. Lakini Tissot hapa alitumia namna nyingine, rangi ya maji iliyo nzito, isiyopenyeza, na karatasi yake haikuwa nyeupe. Ilikuwa na rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani. Maana yake ni nini? Mwanga haukuwamo katika karatasi yake. Kila penye mwanga, aliuweka kwa mkono wake, kidogo kidogo, kwenye uso huu na uso ule. Mtu anayefanya kazi hivyo hawezi kuwapita watu haraka. Lazima amfikie kila mmoja.

3. WALE WALIO CHINI YA MSALABA

Basi tupande pale, tutazame pamoja na Bwana, Biblia mkononi.

Karibu kabisa na miguu yake yuko Maria Magdalena. Amepiga magoti, nywele zake ndefu nyekundu zimeshuka mgongoni. Nyuma yake yuko Maria, mama wa Bwana, mkono wake kifuani. Yuko Yohana, ameshikanisha mikono, anatazama juu. Hawa ndio Yohana 19:25-27 inatuambia habari zao. Hawana nguvu ya kuushusha mwili. Hawawezi kuzuia askari hata mmoja. Wamefanya jambo moja tu: hawakuondoka. Na Bwana, katika uchungu ule, anaona kwamba mama yake atabaki bila mtoto, naye anampa mtoto. Wamama wajane wa kanisa letu, shikeni neno hilo. Mtu aliyetundikwa alikuwa na macho ya kuona shida ya nyumba.

Kisha wako askari. Yohana 19:23-24 inasema waligawana mavazi yake mafungu manne, na kanzu isiyo na mshono wakaipigia kura. Kwao ilikuwa siku ya kazi. Mtu anakufa juu ya vichwa vyao, nao wanahesabu nguo. Tusiseme mambo hayo ni ya Roma tu. Tunajua nyumba ambamo maiti bado iko ndani, na nje ndugu wanagombania parseli na pikipiki ya marehemu.

Kisha wako wakuu, wanaodhihaki. Hawa wanaijua torati kwa moyo. Sisi tunaoshika Biblia kila siku ya Mungu tuwatazame vizuri, kwa sababu mtu anaweza kujua mistari mingi na bado akacheka mbele ya mateso ya mwingine.

Kisha wako watu wengi ambao Luka 23:35 inasema walisimama wakitazama tu. Hawakupiga msumari. Hawakudhihaki. Hawakusaidia. Luka 23:48 inasema walirudi nyumbani wakijipiga vifua.

Yuko pia yule akida, mkuu wa askari. Ndiye aliyeongoza kazi ya kuua. Na katika Luka 23:47 ndiye anayemtukuza Mungu na kusema mtu huyu alikuwa mwenye haki. Neno hilo halikutoka kwanza kinywani mwa mwanafunzi. Lilitoka kwa mtu wa upande wa wauaji.

Na kule nyuma ya watu wote, Tissot amechora mlango wa kaburi. Yohana 19:41 inasema palikuwa na bustani karibu na mahali pale, na kaburi jipya ndani yake. Bwana anaona mahali watakapomlaza. Lakini hawezi kulitazama kaburi hilo bila macho yake kupita kwanza juu ya vichwa vya watu.

Sasa wapendwa, sikilizeni. Luka 23:34 inasema kwamba pale pale Bwana alimwomba Baba yake awasamehe, maana hawajui wanalotenda. Tulikuwa tunalisoma neno hilo miaka yote. Lakini ukiwa umesimama chini, unaweza kufikiri kwamba anawasamehe watu fulani, wale wengine. Ukipanda pale alipo, unaona kwamba neno hilo linawaangukia wote kama mvua. Linamwangukia mama yake aliaye, linamwangukia askari mwenye nyundo. Bwana hakuwatenga kwanza kwa makabila ndipo aombe.

4. KARATASI TATU

Hapa ndipo tunalifikia swali la pili.

Kati ya karatasi za watoto, tatu zilikuwa na jambo moja. Askari waliopigilia misumari hawakuvaa nguo za Warumi. Watoto waliwachora na alama ambazo kila mtu katika kartiye yetu anajua ni za watu wa kabila fulani. Hatutalitaja, maana kesho linaweza kuwa lingine. Mama mmoja wa kabila hilo aliingia katika chumba cha masomo kumchukua mtoto wake. Akasimama mbele ya ukuta. Hakusema neno. Tangu siku ile yeye na mtoto wake hawajaonekana katika ibada.

Wengine wanasema: Ni watoto tu, hawajui. Kweli, hawajui. Ndiyo sababu tunauliza nani aliwafundisha. Hakuna mtoto aliyezaliwa na habari hiyo. Aliisikia mezani, aliisikia kwenye basi, aliisikia siku za uchaguzi, na labda aliisikia katika maombi ya usiku, wakati mtu anapoomba Mungu avunje adui zake na kila mmoja pale anajua ni nani anayesemwa. Mtoto alichukua kile alichopewa, akakitia rangi.

Jambo hili si dogo. Tuangalie yaliyotokea mahali pengine. Katika Ulaya, kwa karne nyingi, wachoraji wengi walipochora mateso ya Bwana, walimpa Bwana na mama yake sura nzuri ya watu wa kwao, na wale waliodhihaki wakawapa sura mbaya na alama za Kiyahudi. Waumini wakatoka kanisani na chuki moyoni juu ya jirani yao Myahudi. Wakasahau kwamba Bwana ni Myahudi, na mama yake, na Yohana, na Magdalena. Wakasahau kwamba msumari ulipigwa na askari wa Roma. Chuki hiyo ilikaa, ikazaa watoto na wajukuu, na katika vita ya 1939-1945 Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa. Hatusemi kwamba picha peke yake iliua. Tunasema kwamba watu walizoezwa tangu utoto, kanisani kwao, kumwona jirani yao kama mwenye nyundo.

Na kwetu? Mwaka 1992 na 1993, hapa Katanga, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa, hawakuijua Kasai hata kwa macho. Walilala kwenye vituo vya treni wiki na miezi, wakingoja behewa, na wengi wao, hasa watoto, walikufa pale kituoni na njiani kwa njaa na magonjwa. Waliofukuza walikuwa na wabatizwa kati yao. Waliofukuzwa pia. Na kando ya barabara walisimama watu wakitazama. Mashariki ya nchi yetu, tangu mwaka 1996, vita imerudi mara nyingi, na kila mara inapita kwanza mdomoni: fulani ni nyoka, fulani si mtu wa hapa, fulani ndiye aliyetuleta katika shida. Baada ya mdomo ndipo unakuja mkono.

Basi tunawauliza, kila mtu ajibu mbele ya Mungu wake: kutoka msalabani, Bwana alikuona wapi siku zile? Na wewe kijana ambaye hukuwa umezaliwa, anakuona wapi leo, wenzako wanapolitukana kabila la jirani na wewe unacheka?

5. TUFANYE NINI?

Wengine wametushauri tuzichane zile karatasi tatu na jambo liishe. Hatutazichana. Karatasi ikichanwa, kile kilichomo moyoni kinabaki bila kuonekana. Rangi ilitufanyia kazi ambayo mahubiri yetu hayakuifanya: ilituonyesha kile watoto wetu wanachobeba. Tumeziondoa ukutani kwa sababu ya heshima ya yule mama, na walimu wanazihifadhi.

Tumekubaliana mambo manne.

La kwanza, mashemasi wawili na wamama wawili wa kanisa watakwenda nyumbani kwa yule mama. Hawataenda kueleza. Wataenda kuketi, kusikiliza, na kuomba msamaha kwa jina la kanisa. Akikubali kurudi, tutamshukuru Mungu. Akisema bado, watamwambia kwamba nafasi yake ipo, na watarudi tena.

La pili, wazazi wa wale watoto watatu hawatatajwa mbele ya kanisa. Watu wasiwanyoshee kidole. Tukiwageuza hao kuwa wenye nyundo wapya, tutakuwa hatujaelewa neno hata moja la ukurasa huu.

La tatu, watoto watachora tena habari ile ile, lakini safari hii walimu watawaambia wapande pale juu. Mtoto aweke miguu ya Bwana chini ya karatasi, kisha ajaze watu. Na sharti ni hili: kila mtoto ajichore mwenyewe kati ya watu hao, na mama yake, na baba yake, na jirani yake. Aamue mwenyewe ni nani anayelia, nani anayetazama tu, nani anayeshika kura. Tunataka vijana wa korale nao wafanye hivyo, na sisi mashemasi tutafanya. Wengi wetu hatujui kuchora. Si kitu. Anayeshindwa kuchora uso aweke doa la rangi na aandike jina lake kando yake.

La nne, linahusu maombi. Tangu sasa anayeongoza maombi ya usiku asiseme "adui zetu" kwa sauti ambayo inawaelekeza watu kwenye nyumba fulani. Tuombe juu ya dhambi, tuombe juu ya roho mbaya, tuombe juu ya njaa na magonjwa. Tukitaka kuombea watu wanaotuumiza, tunayo maombi ambayo Bwana mwenyewe aliyaomba, na tumekwisha kusema yako wapi katika Luka.

Wazee wetu, asanteni kwa kuwa walinzi wa mlango. Endeleeni kulinda, minkisi isirudi. Lakini mjue kwamba kuna nkisi isiyochongwa kwa mti. Ni ile sura ya adui ambayo mtu ameitengeneza moyoni, anailisha kila siku kwa maneno, na anaitolea sadaka watu. Hiyo nayo mtusaidie kuitupa nje.

Walimu wanahitaji karatasi nzito na rangi. Mwenye kitu kidogo akipeleke kwao siku ya Mungu ijayo kabla ya ibada. Makopo ya maji tunayo.

Tuombe.

Bwana Yesu, ulipokuwa juu ya mti ulituona sote. Ulimwona aliyelia, ulimwona aliyecheka, ulimwona aliyegawana nguo zako, na hukufumba macho. Tupe macho yako. Ondoa katika watoto wetu kile tulichowapa sisi wazazi. Mrudishe nyumbani mwako yule aliyeondoka kwa sababu yetu. Wakumbuke waliokufa kwenye vituo vya treni na wale wanaokimbia hata leo na vitanda vichwani. Na siku utakapotazama tena kanisa hili, utukute karibu na miguu yako, pamoja na jirani zetu wote.

Amina.